Waya Ulioota Kijani

Fundi alikuwa ameketi sakafuni, mgongo ukutani, viatu vyake visivyo na kamba vimepangwa pembeni kama vya mgeni aliyekaribishwa ndani. Mistari ya viganja vyake ilikuwa bado na weusi wa grisi. Sabuni ya mahabusu haikuwa na nguvu hizo.

Mpelelezi alivuta kigoda, akakikung'uta vumbi kwa kiganja, akaketi. Alikuwa mwanamke wa makamo, mnene kiasi, asiyejua kukimbia. Kituoni walimwita Bi Taratibu, lakini si mbele yake.

"Nieleze tena," akasema. "Tangu mwanzo."

"Afande, nimeeleza mpaka mate yamenikauka."

"Kunywa maji, kisha unieleze."

Fundi akanywa kweli, kopo zima, akajifuta mdomo kwa mkono wa shati.

"Mzee wa mbao aliniletea pikapu yake. Ile ya zamani, ya bluu. Mshale wa spidomita ulikuwa unapanda na kushuka wenyewe, halafu ukalala kabisa. Nikaingia chini ya gari, nikaufuata waya, nikakuta umekatika, nikauunga. Mshale ukaamka. Nikamkabidhi gari lake. Basi."

"Uliamka?"

"Uliamka, afande. Nimeanza kazi hii sijaota ndevu. Gari haitoki kwangu mshale umelala."

"Na kruzi?"

"Kruzi sikuigusa."

Kruzi ndiyo iliyomtia fundi ndani. Ni kile kifaa cha kushika mwendo: dereva akifika kwenye barabara iliyonyooka anabonyeza kitufe kwenye usukani, gari linajishikilia mwendo lenyewe, naye anapumzisha mguu. Akigusa breki tu, linaachia. Pikapu ile ilikuja nacho tangu kwa mwenyewe wa kwanza, na mzee wa mbao alikipenda kama mtoto anavyopenda filimbi. Jioni ile ya manyunyu pikapu ilitoka barabarani kwenye kona ya bonde, ikajipigiza kwenye ukuta wa kalavati. Mzee akafa. Mwanawe wa mwisho, aliyekuwa naye garini, akatoka na mshono mmoja kwenye nyusi.

Maelezo ya kijana yalikuwa mafupi. Baba alikuwa anaendesha. Baba alibonyeza kruzi. Baba alikanyaga breki, kruzi ikakataa kuachia, gari likamshinda. Mkaguzi wa magari alipochungulia chini ya dashibodi, akakuta waya wa swichi ya breki umekatika, ule unaoiambia kruzi iachie. Na mkono wa mwisho kuingia kwenye nyaya za gari lile ulikuwa wa fundi. Mkuu wa kituo alikuwa ameshaandaa jalada: kusababisha kifo kwa uzembe. Kesho asubuhi fundi alikuwa anapandishwa kizimbani.

"Mtoto wa marehemu anasema kitu kingine," Mpelelezi akasema. "Anasema mshale ulikuwa umekufa. Hukuutengeneza. Baba yake alikuwa anaendesha bila kujua mwendo wake."

Fundi akasimama. Mishipa ya shingo ilimtoka.

"Mwongo! Mwongo mkubwa! Anataka kuniharibia jina! Niambieni nimeua, nitasema sikukusudia. Lakini msiniambie kazi nimeacha nusu!"

"Kaa chini."

Akakaa. Mpelelezi akamtazama kwa muda. Mtu anaambiwa ameua, anajibu kwa upole. Anaambiwa mshale haukuamka, anapandwa na wazimu. Jambo hilo akaliweka kiporo.

Nje, kwenye benchi la ukumbini, mke wa fundi alikuwa amekaa miguu imetanuka kwa uzito wa tumbo, bakuli la chakula mapajani, limefungwa kwa kitambaa. Alikuwa hapo jana, na juzi pia. Zamu ya usiku ilisema alilala palepale.

"Shikamoo mama. Kesho atarudi nyumbani?"

"Marahaba. Sijui, mwanangu."

"Mwezi huu ndio nategemea kujifungua. Kwetu hakuna mtu mwingine." Akainua bakuli. "Hiki basi, atapewa?"

"Nitampa mwenyewe."

* * *

Uwanja wa magari ya ajali ulikuwa nyuma ya kituo, umezungushiwa mabati. Mkaguzi wa magari, mzee mwembamba aliyebakiza muda mfupi astaafu, alikuwa na mazoea ya kuliita kila gari marehemu.

"Marehemu wako yule pale," akasema. "Nilimwamkia asubuhi, hajaitika."

Pua ya pikapu ilikuwa imekunjamana kama karatasi iliyotupwa. Kioo cha mbele hakikuwapo. Ndani kulikuwa na kiti kimoja kirefu, kutoka mlango hadi mlango, cha plastiki iliyochanika, na doa kubwa jeusi upande wa abiria. Mpelelezi aliliangalia doa lile. Kisha akaangalia upande wa dereva. Huko nako kulikuwa na damu, lakini ilikuwa imepakazwa, kama sakafu iliyopigwa deki na tambara chafu.

"Mzee alikutwa upande gani?"

"Wa dereva. Nyuma ya usukani."

"Na damu nyingi iko kwa abiria."

"Kijana alipasuka nyusi. Nyusi hutoa damu kama bomba."

"Mshono mmoja?"

Mkaguzi akajikuna kidevu. Alipiga magoti, akamulika tochi chini ya dashibodi. Juu ya kanyagio la breki zilining'inia ncha mbili za waya.

"Njoo uone. Zinang'aa kama pete ya arusi."

Mpelelezi aliinama kwa kuguna, akaishika ncha moja kwa vidole viwili. Ilikuwa bapa, imebanwa pande zote mbili.

"Hii haikukatika. Imekatwa."

"Kwa koleo. Ndiyo."

"Fundi mzembe anaacha waya umelegea. Anasahau kubana skrubu. Hakati kwa koleo waya ambao hakutumwa kuugusa."

"Labda ana chuki na mzee."

"Labda." Akainuka, akajipangusa magoti. "Nataka kuuona na ule mwingine. Wa mshale."

"Wa mshale wa nini tena? Huo haujaua mtu."

"Nionyeshe tu, kaka yangu. Mimi ni mzito wa kuelewa."

Mkaguzi akacheka puani, akaleta jeki. Waliinua mkia wa pikapu, wakaweka magogo kwa usalama, mkaguzi akaingia chini kwa mgongo juu ya gunia. Mpelelezi naye akajilaza kando, kichwa kikaingia, mwili ukabaki nje. Mkaguzi alimulika kwenye difu, lile donge la chuma katikati ya ekseli ya nyuma.

"Hiki kidude hapa ni sensa. Gurudumu likizunguka, sensa inatuma umeme kidogo sana. Umeme unapita kwenye waya huu, unakwenda mbele, mshale unapanda. Unapita hivi... hivi... juu ya ekzosi..." Mwanga wa tochi ukasimama. "Ahaa."

Pale waya ulipopita karibu na bomba la moshi, ganda lake lilikuwa limeungua. Waya wenyewe ulikuwa umekatika, ncha zimepeana mgongo. Shaba yake ilikuwa ya kijani. Kijani cha chombo cha shaba kilichosahauliwa uvunguni, na juu yake tope kavu limegandamana tabaka juu ya tabaka.

Mpelelezi alikwangua tope kwa kucha. Hakukuwa na utepe. Hakukuwa na risasi ya kuchomea. Hakukuwa hata na alama ya mtu aliyewahi kuzisokota ncha zile pamoja.

"Hapa hakujawahi kuungwa," akasema.

"Kamwe. Kijani hiki si cha siku mbili. Huu umekufa muda mrefu, umekula mvua na vumbi."

Kwa kuwa alikuwa mtu wa kuhakikisha, mkaguzi alibana mita yake kwenye sensa, akamwambia Mpelelezi azungushe gurudumu kwa mkono. Tarakimu zikacheza. Akabana mita mbele, nyuma ya spidomita, Mpelelezi akazungusha tena mpaka jasho likamtoka. Sufuri.

"Sensa hai, waya maiti," mkaguzi akasema, akijifuta mikono kwa tambara. "Basi fundi wako ni mwongo. Alichukua gari, akalirudisha vilevile, akasema nimetengeneza. Kijana kasema kweli. Funga jalada, afande, twende tukanywe chai."

Mpelelezi alikuwa ameshajipangusa vumbi, akapiga hatua kuelekea lango. Akasimama.

"Nikuulize swali la kijinga."

"Uliza."

"Kruzi inashika mwendo. Inaujuaje huo mwendo?"

"Inausoma kwa..." Tambara likamwanguka mkaguzi. "Kwa waya huohuo. Unakwenda mbele, ndipo unagawanyika. Tawi moja kwa mshale, tawi moja kwa kruzi."

"Na hapa juu ya ekzosi ni kabla haujagawanyika?"

"Kabla kabisa."

"Kwa hiyo mshale ukilala..."

"Kruzi ni kipofu. Utabonyeza kitufe mpaka kidole kivimbe, haishiki. Haiwezi." Alikaa juu ya tairi bovu kama aliyesukumwa. "Mimi nimeona waya wa breki umekatwa, nikaishia hapo. Nikaandika na sahihi nikatia."

"Sote tuliishia hapo. Jua bado liko juu, amka."

* * *

Dereva wa lori la maziwa ndiye aliyefika wa kwanza kwenye ajali. Siku ile aliulizwa jina na namba ya lori, akaambiwa aende zake. Mpelelezi alimpigia simu akiwa amesimama palepale uwanjani.

"Mama, mimi maziwa yangu yaliganda siku hiyo, hakuna aliyenipa hata pole," sauti ikasema, na injini ikinguruma nyuma yake.

"Pole sana. Uliona nini?"

"Niliwaona toka ng'ambo ya bonde. Wao wanashuka, mimi nashuka upande wangu. Kasi hiyo! Nikasema hawa wanakwenda kugombania nini. Kufika konani, gari likanipa mgongo, taa zao za nyuma zikawaka, nyekundu, zote mbili, halafu gari likapotea."

"Taa za breki ziliwaka? Una hakika?"

"Mama, kulikuwa na manyunyu na giza linaingia. Kitu kilichoonekana ni hizo tu."

Mpelelezi aligeuka akamtazama mkaguzi. Mkaguzi alikuwa amekwishaelewa. Waya uliokatwa chini ya dashibodi ndio huohuo unaowasha taa za breki. Taa ziliwaka konani. Waya ulikuwa mzima konani.

"Ulichukua muda gani kufika?"

"Si mfupi. Daraja liko chini kule, nimezunguka na lori limejaa. Nikamkuta yule kijana amekaa juu ya jiwe, simu mkononi. Nikamuuliza, umepiga? Akasema hakuna mtandao. Mimi nikapiga nimesimama ubavuni mwake, ikaita mara moja."

"Na mzee?"

Injini ikazimwa. Sauti ya dereva ikashuka.

"Alikuwa bado na joto, mama. Ndiyo kwanza anakata roho. Kule hospitali nilimsikia daktari akisema angewahishwa, angepona. Sijui kwa nini nakuambia hili. Hakuna aliyeniuliza."

* * *

Fundi alisikiliza yote ameinamisha kichwa, bakuli la mkewe halijaguswa.

"Nitakuuliza mara moja tu," Mpelelezi akasema. "Ukisema uliutengeneza ule mshale, basi kruzi ilikuwa nzima, na kesho unapanda kizimbani. Ukisema hukuutengeneza, kruzi ilikuwa imekufa, na maneno ya yule kijana hayana miguu. Sasa niambie. Mshale uliamka?"

Nje mtu alikuwa anafagia ukumbi.

"Hiyo itasomwa mbele ya watu?"

"Itasomwa."

"Wateja wangu watasikia?"

"Mkeo amelala kwenye benchi, wewe unaniuliza habari za wateja!"

Fundi alijifunika uso kwa mikono ile yenye weusi.

"Sikuugusa," akasema kupitia vidole. "Siku ile nilikuwa na magari mengi. Nikaingia chini, nikaona panachosha, pamebanana na ekzosi, ya moto. Nikatoka. Mzee akaniuliza tayari? Nikasema tayari. Alinipa mkono, akanishukuru. Nilisema akirudi kulalamika nitamfanyia. Hakurudi. Alikuwa mtu wa aibu, mzee yule."

"Uvivu wako ndio utakaokutoa hapa. Kula chakula."

* * *

Nyumbani kwa marehemu turubai lilikuwa bado limetandwa uani, viti vimeanza kupungua. Kabla ya kwenda, Mpelelezi alipitia kabati la vielelezo, akatoa bahasha ndogo iliyotoka hospitali. Vitu vilivyokutwa mwilini: saa, funguo, na kifungo cheupe cha shati, kilichotolewa ndani ya ngumi ya mzee. Siku ile kila mtu alisema ni chake mwenyewe. Sasa akakumbuka alivyouona mwili: fulana ya shingo ya duara na sweta la kuvaa kwa kichwa. Mzee hakuwa na kifungo popote.

Mjane alikuwa anaanua nguo kambani. Mama mfupi, macho yamevimba, lakini kila nguo aliikunja pindo juu ya pindo kabla ya kuiweka kwenye beseni.

"Karibu, mwanangu. Yule muuaji wenu kesho anahukumiwa?"

"Bado, mama. Poleni na msiba." Mpelelezi alikuwa anaitazama kamba. "Nikusaidie."

Shati jeupe la mikono mirefu lilibaki mwisho. Mpelelezi alilianua mwenyewe. Kifungo cha pili toka juu hakikuwapo. Mahali pake palikuwa na kijitundu kilichoraruka. Vilivyobaki vilishonwa kwa uzi wa bluu.

"Umelifua likatakata."

"Nimelisugua usiku kucha. Damu ya mume wangu ilikuwa humo, mwanangu. Kijana alisema alimkumbatia baba yake."

"Uzi huu wa bluu?"

"Mweupe uliniishia." Mama akatabasamu kidogo, kwa mara ya kwanza. "Mzee alinicheka. Alisema nimemvisha mtoto shati la shule ya chekechea."

Kijana alitokea mlangoni, plasta juu ya jicho. Alikuwa mtu mzima wa miaka thelathini, mabega mapana, lakini alisimama nusu mwili nyuma ya fremu.

"Afande. Kuna jipya?"

"Lipo. Leseni yako iko wapi?"

"Leseni?"

"Mahakama ilikunyang'anya ulipomgonga mama mmoja mwenda kwa miguu. Ukikamatwa tena kwenye usukani, ni jela. Hilo halina siri. Nani alikuwa anaendesha siku ile?"

"Baba. Nimeshasema. Kruzi ilikataa ku—"

"Mshale ulikuwa umekufa, ulisema."

"Ndiyo. Fundi aliuacha."

"Ulisema kweli. Waya wake umeota kijani. Na ukifa ule, kruzi nayo inakufa; waya wao ni mmoja. Kruzi ya gari lile haikuwa na uwezo wa kushika hata mwendo wa punda. Wewe hukulijua hilo, kwa sababu baba yako hakukuachia ukizoee kile kitufe."

Kijana alimtazama mama yake, si Mpelelezi.

"Taa za breki ziliwaka konani," Mpelelezi aliendelea kwa sauti ileile ya polepole. "Mtu ameziona. Kwa hiyo waya wa breki ulikatwa baada ya ajali, na baada ya ajali mlikuwa wawili tu pale. Ulimvuta baba yako kutoka upande wa abiria ukamweka nyuma ya usukani. Ukatoa koleo kwenye sanduku la vifaa. Ukapenya katikati ya magoti yake ili uufikie ule waya."

"Alikuwa ameshakufa!"

Mpelelezi alifungua bahasha, akamimina kifungo kwenye kiganja chake, akamsogezea mjane. Kipande cha uzi wa bluu kilikuwa bado kimening'inia matunduni.

"Mama, hiki kilitolewa kwenye ngumi ya mzee."

Mjane alikichukua. Alikigeuza. Alikiweka juu ya kijitundu cha lile shati mikononi mwa Mpelelezi, akakiacha hapo, kama fundi cherehani anayepima.

"Alikushika," akamwambia mwanawe. Sauti yake haikupanda. "Baba yako alikuwa hai, akakushika shati."

Kijana akateremka na fremu ya mlango mpaka akakaa kizingitini.

"Alisema nini?"

"Mama..."

"Nakuuliza alisema nini."

"Alisema nisiogope." Akajifuta uso kwa mkono. "Alisema, usiogope mwanangu, kaite watu. Akawa haniachii. Nikavuta. Nikasema nikimaliza tu huu waya, napiga simu. Nikimaliza tu. Nilipomaliza akawa hasemi tena, nikaona basi, nisubiri."

Turubai lilipigwa na upepo, likatulia. Waombolezaji wawili waliokuwa pembeni waliinuka, wakaondoka kimyakimya.

Mjane aliliweka lile shati kwenye beseni, akalikunja pindo juu ya pindo, mikono ndani, kola juu. Kisha akakirudisha kifungo kwenye bahasha yeye mwenyewe, akailamba gundi yake, akaibana kwa kidole gumba.

"Andika," akamwambia Mpelelezi. "Andika kifungo hiki nimekishona mimi. Uzi ni wangu. Watakapouliza, nitakuja."

"Sawa, mama."

"Na yule fundi. Ana mke?"

"Anaye. Yuko benchini kwetu, mja mzito."

Mama alilisukuma beseni kwa mguu mpaka likafika mbele ya mwanawe.

"Nenda ukamfungulie mumewe, mwanangu. Huyu hapa wangu mchukue. Mpe hili shati, huko ndani usiku kuna baridi."